Ukiwasha VPN ya kazini, printa ya nyumbani inapotea: tuitafute dalili kwa dalili

Simu za tatizo hili huniingilia zaidi mwisho wa mwezi, watu wanapofunga hesabu. Mtu yuko Nyegezi au Buswelu, hapa Mwanza, anafanyia kazi nyumbani, ofisi yake iko Dar es Salaam au Nairobi. Amewasha VPN, ile programu inayomuunganisha na mtandao wa ofisi kupitia intaneti, na mfumo wa ofisi umefunguka bila shida. Akitaka kuchapa, printa iliyo mezani pembeni yake inaonekana haipo. "Kaka, printa imekufa." Mara nyingi sana haijafa. Nimekuta watu wameshanunua wino mpya, wamefuta programu ya printa na kuiweka upya mara tatu, na mmoja alishalipia printa nyingine dukani, kumbe kilichokosekana ni njia tu kati ya kompyuta na ile printa. Fedha za namna hiyo zinaniuma, ndiyo maana naandika haya.

Ninaposema printa, hesabu humo pia sanduku la kuhifadhia faili, rekoda ya kamera za ulinzi, printa ya risiti dukani, kompyuta ya mtoto yenye folda mnayoshirikiana. Kanuni zake ni zilezile. Nimepanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi.

Kabla ya kugusa kitu: dakika tano za vipimo

VPN inachimba handaki kutoka kompyuta yako hadi ofisini. Kinachopita humo kimefungwa, mtu wa njiani hakioni. Swali la msingi ni moja: ofisi imeamuru kila kitu kipite handakini, au mambo ya ofisi peke yake? Ikiamuru kila kitu, unakuwa kama dereva aliyeambiwa mizigo yote aivushe kwa kivuko cha Kamanga, hata mzigo wa nyumba ya jirani.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu, na andika majibu kwenye karatasi:

1. Zima VPN. Chapa ukurasa mmoja. Unatoka?
2. Chukua anwani ya IP (namba inayotumika kukifikia kifaa kwenye mtandao) kutoka kwenye printa yenyewe, usiitafute kwenye kompyuta. Printa nyingi zina kitufe chenye alama ya "i", au menyu ya mtandao, inayotoa karatasi ya taarifa zake. Tafuta mstari wenye namba kama 192.168.1.50.
3. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`. Soma anwani ya kompyuta yako upande wa waifai. Linganisha na ya printa.
4. VPN ikiwa bado imezimwa, andika `ping 192.168.1.50` (weka namba ya printa yako). Amri hii inaigonga printa kuona kama inajibu. Kisha washa VPN, rudia amri hiyohiyo.

Kuhusu hatua ya tatu: kwa ruta nyingi za nyumbani, namba tatu za mwanzo ni mtaa na ya mwisho ni nyumba. 192.168.1.50 na 192.168.1.23 wako mtaa mmoja, wanaongea wenyewe kwa wenyewe. 192.168.1.50 na 192.168.8.23 wako mitaa tofauti, na lazima awepo wa kuwaunganisha. Ukilielewa hili, nusu ya mwongozo huu umeshaimaliza.

Dalili ya kwanza: hata VPN ikizimwa, haichapi

Hapa VPN haihusiki, na ni vizuri kulijua hilo mapema kabla hujawapigia watu wa IT ofisini.

Sababu ninayoikuta zaidi Mwanza ni kompyuta na printa kuwa kwenye mitandao miwili. Intaneti ya nyumbani iligoma jana, ukawasha hotispoti ya simu ukaendelea na kazi, na leo kompyuta imejiunga tena na simu yenyewe bila kukuuliza. Printa bado iko kwenye ruta. Anwani zitakusemea: kompyuta yenye 172.20.10.x imeshika hotispoti ya iPhone, na 192.168.43.x ni hotispoti ya simu nyingi za Android za zamani kidogo. Rudisha kompyuta kwenye waifai ya ruta, jaribu tena. Ukikatika umeme na ruta ikazimika wakati kompyuta inatumia betri, hali hii hujirudia, kwa hiyo iambie kompyuta isijiunge na hotispoti yenyewe.

Ya pili ni anwani kubadilika. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inawaka na kugawa namba upya kwa kila anayeomba. Printa iliyokuwa .50 sasa ni .53, kompyuta inaendelea kugonga mlango wa .50. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye ruta na kuiwekea printa namba yake isiyogawiwa mwingine. Kwenye menyu ya ruta hilo hukaa sehemu ya DHCP (ugawaji wa namba), na linafungwa na namba ya kifaa yenye tarakimu na herufi 12 iliyoandikwa kwenye ile karatasi ya printa. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Usipoifanya, utarudi kwenye tatizo hili kila umeme ukikatika.

Ya tatu, waifai ya wageni. Ruta nyingi zina mtandao wa pili wa wageni, na kwa makusudi kabisa vifaa vilivyo humo havionani. Ping haijibu japo namba ni za mtaa mmoja. Hamia waifai kuu.

Ya mwisho si ya kawaida, lakini huku kwetu ipo: radi. Dhoruba za usiku zinazotoka ziwani hupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, na tundu la kebo kwenye printa au ruta linakufa huku kifaa chenyewe kikiendelea kuwaka. Tazama taa ndogo pembeni ya tundu. Kebo imechomekwa pande zote mbili na taa haiwaki: jaribu tundu jingine la ruta, kisha kebo nyingine. Ukisikia harufu ya kuungua au kukuta plastiki imeyeyuka, acha hapo. Chomoa umeme, usifungue kifaa, mwite fundi wa umeme.

Dalili ya pili: bila VPN iko sawa, ukiwasha VPN kila kitu cha nyumbani kinapotea

Ping ilijibu, ukawasha VPN, ikanyamaza. Kamera nazo hazionekani, hata ukurasa wa ruta haufunguki. Hii ndiyo dalili halisi ya VPN, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ofisi imefunga.

Nataka kulieleza hili vizuri kwa sababu mafundi wengi tunalikosea. Kompyuta ikiwa na njia mbili za kufika sehemu moja, huchagua ile iliyo mahususi zaidi. Njia ya handaki inasema "dunia nzima, pita huku". Njia ya waifai inasema "mtaa wa 192.168.1, pita huku". Ya pili ni mahususi zaidi, kwa hiyo printa ya mtaa wako ingepaswa kuendelea kupatikana hata handaki likibeba kila kitu kingine. Ikipotea, kwa kawaida programu ya VPN imeongeza hatua ya kuzuia: imeweka fayawoli (kizuizi cha mawasiliano), au imeandika upya jedwali la njia ili mtaa wako uonekane uko upande wa ofisi.

Thibitisha kwa `tracert -d 192.168.1.50`, amri inayoonyesha hatua ambazo mzigo unapita. Ikifika kwa hatua moja, njia ni ya nyumbani. Hatua ya kwanza ikiwa namba ya ajabu, mara nyingi inayoanza na 10, mzigo wako umeingia handakini unaelekea Dar. Ikitoa nyota tupu, huenda kuna kizuizi kwenye kompyuta yenyewe. Kwenye Mac tumia `route get 192.168.1.50`, kwenye Linux `ip route get 192.168.1.50`; zote zitakuonyesha ni mlango upi unaotumika.

Sasa angalia mipangilio, kutegemea programu uliyopewa.

Cisco ina kisanduku kwenye mapendeleo yake kilichoandikwa "Allow local (LAN) access when using VPN (if configured)". Kiweke tiki, kata VPN, unganisha upya. Yale maneno mawili ya mwisho yana uzito: kisanduku hakifanyi kitu kama seva ya ofisi haijaruhusu. Watu wanaweka tiki, hakuna kinachobadilika, wanadhani programu ni mbovu. Si mbovu, inasubiri ruhusa ya upande wa pili.

WireGuard kwenye Windows ina kisanduku cha "Block untunneled traffic (kill-switch)". Kikiwa na tiki, kila kisichopita handakini kinazuiwa, printa ikiwemo. Kama VPN ni ya biashara yako mwenyewe, ondoa tiki. Kama ni ya mwajiri, mwulize kwanza.

VPN iliyomo ndani ya Windows yenyewe ina mpangilio wa "Use default gateway on remote network", umejificha kwenye sifa za muunganisho, sehemu ya IPv4, kitufe cha mipangilio ya ziada. Huo unaamua kama intaneti yote ipite ofisini. Kwa printa ya mtaa uleule kwa kawaida hauna neno. Kwa kifaa cha mtaa mwingine una neno kubwa, kwa sababu utakayoiona kwenye dalili ya nne. GlobalProtect nayo ina uamuzi wa kufunga mtandao wa nyumbani, lakini unakaa kwa msimamizi, kwako huuoni.

Kwa nini ofisi zifunge? Kompyuta iliyo ndani ya mtandao wa kazi na wakati huohuo inaongea na kila kifaa cha nyumbani ni daraja. Kirusi kilicho kwenye kompyuta ya mtoto kinaweza kulipita. Hatari nyingine ilionyeshwa na watafiti mwezi Agosti 2023: waifai ya mtu mbaya inaweza kudanganya kuwa anwani za intaneti ni za "nyumbani", na VPN inayoruhusu mtandao wa nyumbani ikazitoa nje ya handaki bila kinga. Mei 2024 ikaonyeshwa njia nyingine inayotumia ule ugawaji wa namba wa ruta kuvuta mizigo nje ya handaki. Kwa hiyo mtu wa IT akikujibu "hapana", hakufanyii ukaidi. Mweleze unachohitaji, akupatie njia.

Na wewe unazo njia ambazo hazivunji amri ya mtu:

Kebo ya USB. Hii naipendekeza kuliko zote. USB si mtandao, VPN haiigusi. Ile kebo yenye kichwa cha mraba upande wa printa inapatikana duka lolote la vifaa vya kompyuta mjini. Mteja wangu wa Igoma alihangaika wiki mbili na mipangilio. Nilipomchomekea kebo, aliniuliza kwa nini sikuja nayo siku ya kwanza, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Hifadhi kama PDF, kata VPN, chapa, unganisha tena. Ni usumbufu, lakini kwa anayechapa karatasi mbili kwa siku inatosha. Nyaraka zikiwa za siri, futa hiyo PDF ukimaliza, na uitoe hata kwenye pipa la taka la kompyuta.

Acha na umpigie mtu wa IT kama kompyuta ni ya ofisi na inakudai nenosiri la msimamizi. Usitafute namna ya kulikwepa, na usimruhusu fundi wa mtaani, hata mimi, alikwepe kwa niaba yako. Ukishika kazi ya watu, hiyo ni mali na sheria yao.

Dalili ya tatu: ping inajibu, lakini kompyuta inasema printa haipo

Njia ipo, tatizo ni jina. Hii nayo ni ya kila siku na dawa yake ni rahisi.

Printa iliyowekwa kwa kubonyeza "tafuta vifaa" huhifadhiwa kwa jina, mara nyingi linaloishia na .local. Kompyuta hulipata jina hilo kwa kupaza sauti mtaani, kwenye anwani ya pamoja 224.0.0.251, na mwenye jina akaitika. VPN ikiwaka, sauti hiyo huweza kwenda handakini, ambako hakuna anayeijua printa yako, au ikazuiwa kabisa. Majina ya kawaida nayo sasa yanaulizwa kwenye DNS ya ofisi (daftari linalogeuza majina kuwa anwani), na DNS ya ofisi haina habari na mashine iliyoko sebuleni kwako Kirumba.

Dawa: weka printa upya kwa anwani. Kwenye Windows ongeza printa kwa mkono, chagua aina ya "TCP/IP Device", andika 192.168.1.50. Usichague "Web Services Device", hiyo itakurudisha kwenye majina. Kabla ya hapo hakikisha umeifungia printa namba yake kama nilivyoeleza juu, la sivyo umeme ukikatika tu unarudi ulipoanza. Folda fungua kwa `\\192.168.1.20` badala ya jina. Ikikukatalia nenosiri unalojua ni sahihi, huenda Windows inapeleka jina lako la kazini. Andika jina la mtumiaji kwa mtindo wa `192.168.1.20\jina` ili ijue unamaanisha mtumiaji wa mashine ile.

Ikiwa umeshatumia anwani na bado imepauka na neno "offline", kuna kitu kidogo kinachosahaulika. Windows huuliza hali ya printa kwa lugha yake nyingine, SNMP, kupitia mlango wa 161. VPN ikiuzuia mlango huo, Windows inahitimisha printa haipo, hata kama mlango wa 9100 wa kuchapia uko wazi. Pima: fungua PowerShell, andika `Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 9100`. Jibu likiwa "True", ingia kwenye sifa za printa, sehemu ya milango, bonyeza kusanidi, ondoa tiki ya "SNMP Status Enabled". Nimeona printa ikirudi kuwa nyeusi kwenye skrini papo hapo, na karatasi sita zilizokuwa zimekwama zikatoka kwa mfuatano.

Dalili ya nne: kifaa kimoja kinapatikana, kingine hakipatikani

Nyumba yenye ruta mbili. Hii kwetu ni ya kawaida kwa sababu ya mawe. Ukijenga mlimani, Bugando au Capri Point, jiwe linakaa katikati ya kiwanja, waifai hailipenyi, basi mtu ananunua ruta ya pili aiweke upande wa nyuma. Fundi anachomeka kebo kwenye lile tundu la rangi tofauti, intaneti inafika, kila mtu anafurahi. Kumbe ameanzisha mtaa wa pili: ruta ya kwanza 192.168.1, ya pili 192.168.0.

Bila VPN, kompyuta iliyo kwenye ruta ya pili inaweza kuifikia printa iliyo kwenye ya kwanza, maana ruta ya pili inajua njia. Ukiwasha VPN, mtaa wa 192.168.1 si wako tena kwa macho ya kompyuta. Ni sehemu ya "dunia nzima", unapelekwa handakini. Vifaa vilivyo pamoja nawe kwenye ruta ya pili vinaendelea kupatikana. Ndiyo maana kimoja kipo na kingine hakipo.

Jaribio la haraka: beba kompyuta hadi karibu na ruta ya kwanza, jiunge na waifai yake, washa VPN, chapa. Ikikubali, umeshajua.

Dawa nzuri ni kuunganisha mitaa iwe mmoja. Kwenye ruta ya pili zima DHCP, ipe anwani ya mtaa wa kwanza isiyotumiwa na mwingine, tuseme 192.168.1.2, kisha hamisha kebo kutoka lile tundu la rangi tofauti uiweke kwenye tundu la kawaida. Ruta za siku hizi nyingi zina kitufe cha hali ya "Access Point" kinachofanya yote hayo kwa mkupuo. Dawa ya muda, kama una ruhusa ya msimamizi, ni kuiandikia kompyuta njia: `route add 192.168.1.0 mask 255.255.255.0 192.168.0.1`. Ikikubali, ongeza `-p` ili idumu. Ukihamia mtandao mwingine njia hiyo inaweza kukuchanganya, kwa hiyo iandike mahali ili ukumbuke kuifuta.

Dalili ya tano: kinafunguka kitu kingine, au karatasi inatokea kwingine

Hii si ya kawaida, lakini ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Dada mmoja mhasibu, anaishi Pasiansi, alichapa orodha ya mishahara. Haikutoka. Akarudia. Haikutoka. Mara ya tatu akazima printa akaiwasha, akarudia tena. Baada ya robo saa simu ikalia kutoka mapokezi ya makao makuu, Dar es Salaam: "Dada, hizi karatasi za mishahara huku ni zako?" Nakala tatu zilikuwa zimelala kwenye printa ya korido, majina na namba za akaunti za watu wote, kila anayepita kwenda kunywa chai anaziona.

Nilipofika nilikuta ruta yake inatumia 192.168.1, kama ilivyotoka kiwandani. Ofisi nayo, 192.168.1. Printa yake .50, na ofisini kulikuwa na printa .50 pia, ya kampuni ileile iliyotengeneza ya kwake. VPN ilipowaka ikaiambia kompyuta mtaa wa 192.168.1 uko huku kwetu, ikaipa njia hiyo kipaumbele. Kompyuta ilifanya ilivyoagizwa.

Anwani hizi za ndani zimetengwa kwa matumizi ya kila mtu tangu 1996, na ni makundi matatu: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na 192.168. Si za mtu mmoja, ndiyo maana zinagongana. Na kwa kuwa ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.0 au 192.168.1, mgongano na ofisi ndogo ambayo haikubadilisha ni jambo la kutarajia.

Jinsi ya kuhakikisha: VPN ikiwa imewaka, fungua `http://192.168.1.1` kwenye kivinjari. Ukikuta ukurasa wa ruta usiyoijua, au ukurasa wa kuingia wenye nembo ya ofisi, ni mgongano. `route print` pia itaonyesha 192.168.1.0 mara mbili, kwa milango miwili.

Dawa ni kuhamisha mtaa wa nyumbani. Ofisi haitahama kwa ajili yako. Kwanza orodhesha vifaa vyenye anwani za kudumu, hasa rekoda ya kamera, kwa sababu isipobadilishiwa itabaki mtaa wa zamani na hutaiona. Kisha ingia kwenye ruta, sehemu ya LAN, badilisha 192.168.1.1 iwe namba isiyopendwa, mfano 192.168.57.1. Hifadhi. Ruta itajizima na kuwaka. Zima na uwashe kila kifaa kichukue namba mpya, ifungie printa namba yake, iweke upya kwenye kompyuta. Tenga saa moja, na usiifanye dakika kumi kabla ya kikao. Epuka kuchagua zinazoanza na 10. Kampuni kubwa huzitumia sana.

Ikiwa karatasi imeshatokea ofisini, acha kuchapa na toa taarifa mara moja. Mpigie aliye karibu na ile printa azikusanye na kuzifungia, kisha mwambie msimamizi wako. Mishahara na namba za akaunti ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Yule dada alisema siku ileile, na kwa kuwa alisema, kosa lilirekebishwa kwa wote waliokuwa wanafanyia kazi nyumbani.

Dalili ya sita: inafanya kazi, halafu inakata

Mara nyingi ni kompyuta kulala. Ukiifunika na kuifunua, VPN inaunganisha upya na kuandika njia upya, printa inapotea. Kata VPN kwa mkono, subiri sekunde kumi, unganisha tena. Ikikata hata bila kulala, angalia kama waifai inahama kutoka ruta moja kwenda nyingine unapotembea, rudi dalili ya nne.

Dalili ya saba: printa sawa, ofisi haifunguki

Umepindua tatizo. Kama uliongeza njia kwa mkono, ifute: `route delete 192.168.1.0`. Kama uliondoa tiki ya "Use default gateway on remote network" kwenye VPN ya Windows, irudishe. Ikiwa hukugusa chochote, tatizo liko upande wa ofisi.

Kwenye simu

Android ina mipangilio miwili chini ya VPN: kuwaka muda wote, na kuzuia miunganisho isiyopita VPN. Wa pili ukiwashwa, printa na televisheni ya nyumbani huweza kupotea. Simu ikiwa ya kazi, hutaweza kuuzima, na usijaribu.

Unapomwandikia mtu wa IT

Ujumbe wa "printa haifanyi kazi" utajibiwa na maswali kumi. Mpe kila kitu kwa mara moja, hivi:

"Habari za kazi. Nafanyia kazi nyumbani, Mwanza. Printa yangu 192.168.1.50, kompyuta 192.168.1.23. VPN ikizimwa ping inajibu na inachapa. VPN ikiwaka ping haijibu, tracert hatua ya kwanza ni 10.x.x.x. Naomba kujua kama sera inaruhusu mtandao wa nyumbani. Kama hairuhusu, naomba ruhusa ya kutumia kebo ya USB."

Muulize pia kama kampuni imeshatoa taarifa za VPN yake kwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), maana tangazo la Oktoba 2023 liliwataka wanaotumia VPN kufanya hivyo. Kisha ambatisha picha ya `route print`, VPN ikiwa imewaka, na ile karatasi ya printa yenye anwani. Nenosiri la waifai usilipige picha. Kwenye baadhi ya printa limechapwa chini kabisa ya karatasi hiyohiyo, likunje kwanza.